Kabla Hamjaiuza Reli ya Babu

 

Najua nimepotea. Tangu Pasaka sijaandika hata mstari. Zamu za usiku zimenibana kweli kweli, na siku chache nilizopata mapumziko nimezitumia nyuma ya nyumba nikisugua kutu. Ndiyo, kutu! Baadhi yenu mmeona zile picha kwenye kundi la ukoo nikiwa na aproni ya ngozi na uso mweusi wa masizi, mkaanza kuulizana kama nimefukuzwa kazi ya uuguzi nikawa mwokota vyuma. Hapana jamani. Shahada yangu ya uuguzi ipo, kazi ipo, bili zinalipwa. Ila nimejianzishia uhunzi wa nyumbani, wa kujifurahisha, na leo nataka niwaeleze vizuri kwa sababu lipo jambo la Jumapili mnakokutana pale Ugweno. Baba Mkubwa, hili linakuhusu wewe zaidi, kwa hiyo tafadhali mtu amsomee mpaka mwisho.

Nianzie mwanzo. Mimi naishi Hyattsville, upande wa Maryland, dakika chache tu kutoka mpaka wa Washington, D.C. Mtaani kwetu kuna mama mmoja mzee, mjane, ambaye huwa napita kumpima presha kwa ujirani tu. Mumewe alipofariki aliacha gereji imejaa vitu. Watu wa huku, wakitaka kupunguza mali, huvitandaza mbele ya nyumba Jumamosi na kuviuza kwa bei ya kutupa. Nikapita kumsaidia kupanga sahani. Nyuma ya masanduku nikaona kitu nilichokuwa sijakigusa tangu nikiwa na miaka tisa: fuawe. Kwa watoto wa mjini wasiojua, fuawe ni lile bonge la chuma ambalo mhunzi hulitumia kama meza ya kupondea. Ya huku ina pembe upande mmoja kama ya kifaru. Ilikuwa nyekundu kwa kutu, buibui wamejenga chini yake. Kando yake kulikuwa na jiliwa refu lenye mguu unaofika mpaka chini, na feni ya chuma ya kuzungusha kwa mkono.

Nikamuuliza bei. Akasema nimpe dola mia mbili nichukue vyote, mradi visiende kwa mtu wa vyuma chakavu, kwani mumewe hangependa. Hilo neno lilinichoma, mtaona baadaye kwa nini.

Kwanza niwaambie jinsi fuawe inavyosomwa, maana nayo inasomwa kama cheti. Niliposugua ubavuni kwa brashi ya waya, taratibu, zikatokea herufi: PETER WRIGHT, na chini yake mduara wenye maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba ni chuma cha kufuliwa kitupu, siyo cha kusubu. Huyo Peter Wright alikuwa na kiwanda Dudley, Uingereza, na fuawe zake zilivuka bahari kwa maelfu kuja Marekani karne ya 19. Kisha zikatokea namba tatu zimeachana: 1 . 0 . 19. Nikadhani ni tarehe. Kumbe ni uzito, kwa hesabu ya zamani ya Waingereza! Namba ya kwanza unazidisha kwa 112, ya pili kwa 28, ya tatu unaiacha ilivyo, halafu unajumlisha. Yaani 112 na 19, jumla ratili 131, kama kilo 59. Nikaipandisha kwenye mizani, na pamoja na kuchakaa kote bado iko karibu sana na hapo.

Mwili wa fuawe kama hii ni chuma laini kilichofuliwa, na juu yake kumeunganishwa bamba la chuma cha pua kwa moto na nyundo. Bamba hilo halina unene mkubwa, kama nusu inchi, lakini ndilo lenye ugumu wote. Hapa ndipo wanaoanza huharibu. Mtu anaona uso wa fuawe una mabonde na kingo zimemeguka, basi anaipeleka kwa fundi wa mashine isawazishwe mpaka ing'ae kama kioo. Amekwisha. Amekula lile bamba, ameondoa sehemu ngumu, na amefuta kila alama ya mikono iliyopita hapo. Wazee wa chama cha wahunzi wa Potomac, wenye kiwanda chao kidogo pale Gulf Branch, Arlington, walinionya kabla sijashika mashine yoyote. Mmoja alitoa gololi ya chuma mfukoni akaiangusha juu ya fuawe kutoka inchi kumi. Ikaruka na kurudi karibu inchi nane. Akasema hii ni nzima, iache usoni, ondoa kutu tu.

Ile bonde ya katikati inaonyesha mtu alikuwa akisimama wapi. Nikisimama mahali pale, nyundo yangu inaangukia mule mule.

Kutu niliiondoaje? Hapa mtacheka. Kwa magadi! Yale yale mnayoivishia maharage. Unachukua pipa la plastiki, unajaza maji, unatia magadi kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita nne (huku nilinunua yaliyosafishwa, ya kufulia nguo). Unazamisha kifaa chenye kutu, na pembeni unazamisha kipande cha chuma cha kutupa, visigusane. Halafu unaleta chaja ya betri ya gari: waya wa hasi kwenye kifaa chako, waya wa chanya kwenye kile cha kutupa. Ukigeuza waya umejimaliza, kifaa chako ndicho kitakacholiwa. Maji yanaanza kutoa mapovu, na baada ya usiku mmoja kutu inatoka kama uji mweusi, chuma chenyewe kikiwa hakijapungua. Fanyeni nje penye hewa, maana yale mapovu yana haidrojeni na haidrojeni hulipuka. Na msitumie kijiko wala sufuria ya chuma kisichoshika kutu kuwa kile kipande cha pembeni. Hutoa sumu ya kromiamu ndani ya maji. Zima umeme kabla ya kutia mkono. (Mnaona nesi hapotei!) Fuawe yenyewe ilikuwa kubwa mno kwa pipa, nikaipiga brashi tu na kuipaka mafuta ya kitani. Jiliwa, nyundo na koleo ndivyo vilivyooga magadi.

Ile feni ilikuwa ngumu haigeuki kabisa. Ni Champion, ya kiwanda cha Lancaster, Pennsylvania, na ndani ina meno madogo yanayotakiwa kuogelea kwenye mafuta. Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda kama nta. Nikamimina mafuta ya taa, nikaiacha siku tatu, nikawa naitikisa mpini asubuhi nikitoka kazini. Siku ya nne ikazunguka! Nilipiga vigelegele saa moja asubuhi peke yangu mpaka jirani akatoa kichwa dirishani. Nikaiunganisha kwa bomba na drumu ya breki ya gari, ndiyo tanuri yangu. Mafundi wa Gerezani wakiiona hawatashangaa hata kidogo.

Fuawe nikaiweka juu ya kigogo cha mwaloni. Urefu wake: simama wima, kunja ngumi, uso wa fuawe uguse vidole. Ni sawa na kazini kwetu, kabla ya kumgeuza mgonjwa unapandisha kitanda kwanza, la sivyo mgongo unakwenda na maji.

Sasa tuingie kwenye historia yenyewe, maana nilipokuwa nikisugua nilijiuliza: ni nani hasa waliokuwa wakifua chuma katika eneo hili? Nikaanza kwenda kuangalia siku za mapumziko.

Nilienda Mount Vernon, kwenye shamba la George Washington, rais wa kwanza, upande wa Virginia ukifuata mto Potomac. Pana kiwanda cha uhunzi kilichojengwa upya mwaka 2009 juu ya misingi ya kile cha zamani. Ndani kuna mvukuto mkubwa wa ngozi na mbao unaoning'inia, moto, na fuawe. Wageni wanapiga picha cheche. Mwezi Februari 1786 Washington mwenyewe aliandika kwenye shajara yake orodha ya watumwa wa mashamba yake, mmoja mmoja na kazi yake. Kwenye wahunzi kuna majina mawili: Nat na George. Basi. Mwaka 1799, miaka kumi na tatu baadaye, ikaandikwa orodha nyingine, na wahunzi bado ni Nat na George. Majembe, misumari, vifaa vya plau, viatu vya farasi, vyuma vya magurudumu, bawaba za milango, vyote vilipita mikononi mwa watu wawili ambao hakuna aliyeona haja ya kuwaandikia jina la pili.

Nilikaa pale nikafikiri juu ya jina la pili. Mnajua jina la ukoo lililo la kawaida kuliko yote Marekani? Ni Smith. Na Smith maana yake ni mhunzi. Wazungu wahunzi wa zamani walipewa kazi yao kuwa jina, watoto wakarithi. Nat na George, waliokuwa wahunzi kweli, hawakuandikwa hata hilo.

Na sisi je? Sisi akina Mshana? Wengi wenu mnalibeba kwenye vitambulisho bila kujiuliza. Washana ndio ukoo wa wafua chuma wa Upare, na hata Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno msana, yaani mhunzi, kutoka kitenzi kusana, kufua chuma. Kwa hiyo ningekuwa Mwingereza ningeitwa Bi Smith. Kazini nilipowaeleza hivyo walicheka wiki nzima, sasa baadhi yao wananiita hivyo.

Lakini siyo jina tu. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizunguka Upare miaka ya 1960 akakusanya masimulizi ya wazee, na mwaka 1969 kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare kikachapishwa Nairobi. Humo ameeleza kwamba Ugweno ilitawaliwa na Washana, wahunzi, mpaka Wasuya walipowapindua, kwa makadirio yake katika karne ya 16. Aliyeongoza mapinduzi anakumbukwa kwa jina la Angovi, na mwanawe Mranga ndiye aliyeupanga utawala upya. Washana wakapoteza kiti. Nyundo hawakunyang'anywa, kwani nani mwingine angejua kufua jembe? (Wasuya mliooa kwetu, msinune, hayo yamepita, mahari mlilipa.)

Chuma chenyewe kilitoka wapi? Kwenye vijito vyetu. Ule mchanga mweusi, mzito, unaobaki chini ukiosha mchanga wa kawaida, ambao tukiwa watoto tulicheza nao kwa sumaku ya redio mbovu, huo ndio madini ya chuma. Wazee waliuchota, wakauyeyusha kwa makaa ya miti kwenye tanuri la udongo, upepo ukisukumwa na mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, mmoja ukipanda mwingine ukishuka. Kilichotoka ni donge lenye mavi ya chuma ndani yake, nalo lilipondwa na kupondwa, kwanza kwa jiwe juu ya jiwe, mpaka uchafu utoke. Chuma cha Upare kilipanda mpaka Kilimanjaro. Wachagga walikuwa na wahunzi hodari wa mikuki, lakini chuma chao kwa sehemu kubwa walikinunua kwetu.

Msidhani ni Upare tu. Ufipa walijenga matanuri marefu, malungu, yenye kimo kama mita tatu, yakivuta upepo yenyewe bila mvukuto. Kwa Wahaya, Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wayeyushe tena chuma kwa njia ya kale, na mwaka 1978 wakachapisha matokeo katika jarida la Science, wakisema mafundi wa Buhaya walikuwa wakipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu hilo la kupasha hewa, na ubishi ni afya. Lakini kwamba chuma kiliyeyushwa huko tangu zamani hizo, hakuna anayebisha.

Narudi Maryland kidogo, maana hapa ndipo nililia.

Kaskazini kwetu, katika kaunti ya Frederick, mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari, kuna mahali panaitwa Catoctin Furnace. Ni tanuri la kuyeyushia chuma lililowashwa mwaka 1776 na ndugu wanne wa familia ya Johnson, mmoja wao gavana wa kwanza wa Maryland. Lilifanya kazi kwa vipindi mpaka 1903, na mnara wake mmoja wa mawe bado umesimama. Miaka ya mwanzo kazi ilifanywa na Waafrika waliokuwa watumwa pamoja na wazungu. Baadaye wakaletwa vibarua wazungu wa bei rahisi, Waafrika wakauzwa na kusambazwa, na eneo likawasahau kabisa. Mwaka 1979, barabara kuu ilipokuwa ikitanuliwa, wachimbaji wakakuta makaburi yao. Mifupa ikapelekwa Smithsonian, hapa Washington.

Mwaka 2023 jarida lile lile la Science likachapisha matokeo ya kusoma vinasaba vya watu 27 waliozikwa pale. Walilinganishwa na watu walio hai waliojipima katika kampuni moja ya vinasaba, na wakapatikana ndugu zao zaidi ya 41,000. Asili zao zilielekea kwa Wawolofu na Wamandinka kule Senegambia, na kwa Wakongo. Hakuna hata mmoja kati ya wale 27 aliyekuwa na jina kwenye jiwe. Mimi huchukua damu za watu kila siku, nabandika lebo, namwita mtu jina na tarehe ya kuzaliwa mara mbili kabla sijachomoa sindano, maana ndiyo sheria ya kwanza tuliyofundishwa: hakikisha ni nani. Kusimama pale kwenye yale mawe nikijua kwamba damu imewatambua baada ya miaka mia mbili, sikuweza kujizuia. Mume wangu alidhani moshi umeniingia macho, na hapakuwa na moshi.

Na karibu zaidi, hapa hapa kwetu, kando ya barabara ya Bladensburg ninayopita nikienda kununua unga, palikuwa na kiwanda cha kusubu cha Clark Mills. Ile sanamu ya shaba nyeusi juu ya kuba la Bunge la Marekani, ile mnayoiona kwenye taarifa ya habari, ilisubiwa hapo. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo ni Philip Reid, mtumwa wa Mills mwenyewe. Ndiye aliyevumbua namna ya kuifungua ile sanamu ya mfano ya plasta bila kuivunja, kwa kuivuta polepole kwa kapi mpaka nyufa za maungio zikaonekana. Siku za wiki malipo yalikwenda kwa bwana wake. Jumapili alilipwa mwenyewe, dola 1.25 kwa siku, kwa kutunza moto chini ya kalibu, Jumapili 33, jumla dola 41.25. Hati ipo. Tarehe 16 Aprili 1862 watumwa wa Washington, D.C. wakaachwa huru, naye akiwamo. Sanamu ikapandishwa tarehe 2 Desemba 1863. Jina lake? Uhuru. Sina la kuongeza.

Haya. Sasa Babu.

Wakubwa mnamkumbuka Babu kwa nyundo yake. Sisi wadogo tulimkuta mzee, akinoa mapanga na kutengeneza majembe kwa springi za malori, maana kuyeyusha mchanga kulishakufa zamani. Majembe ya kiwandani yaliletwa kwa meli na treni, bei ikawa ndogo, na kukata miti ya makaa kukaonekana hasara. Fuawe yake haikuwa na pembe. Ilikuwa kipande cha reli, urefu kama mkono mpaka kiwiko, kimezikwa nusu kwenye kigogo. Baba Mkubwa ndiye aliyenisimulia kwamba baba yake Babu aliipata bondeni, kwenye njia ya treni ya Tanga. Njia hiyo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, ikipita chini ya milima yetu yote. Jiwe jeusi lililokuwa kando ya kigogo, lile tulilokalia kula makande, nalo ni la kufulia. Ndilo la zamani zaidi.

Mnajua wanaoanza uhunzi huku Marekani wanashauriwa nini kama hawana pesa ya fuawe? Tafuta kipande cha reli. Kisimamishe wima, maana chuma kingi kikiwa chini ya nyundo ndipo pigo linapofanya kazi. Babu alikizika wima hivyo hivyo, na hakuna aliyemwonyesha.

Nakumbuka siku moja nilishika mvukuto. Nilikuwa na miaka tisa. Babu hakunipiga, aliniondoa mkono tu akaniambia nikamsaidie Bibi, mwanamke hakai kwenye moto wa chuma. Nilinuna siku mbili. Baadaye nikasoma kwamba ilikuwa hivyo karibu Afrika Mashariki yote. Ufipa tanuri lenyewe lilihesabiwa kuwa bibi harusi, kwa hiyo mafundi walijitenga na wake zao siku za kuyeyusha. Sasa mvukuto wangu ni wa mpini, na ninauzungusha mwenyewe. Babu angesema nini sijui, labda angeangalia kwanza kama koleo langu linabana vizuri. (Halibani. Nimelifunga waya.)

Wiki iliyopita Kaka ameandika kwenye kundi kwamba banda la Babu linabomolewa ili kijengwe chumba cha kupangisha, na kwamba mtu wa vyuma chakavu amepita, amepima kwa macho, anataka kuchukua reli, nyundo, koleo na vile vipande vyote kwa kilo, kwa bei moja. Na kwamba Jumapili mtaamua. Wengi wameweka alama ya dole gumba. Simlaumu mtu. Najua chumba kinahitajika, najua ada za shule. Najua pia kwamba mali ya uhunzi hugawanywa na wanaume wa ukoo, na mimi ni binti, tena niliyeolewa, tena niko mbali.

Ila naomba nisikilizwe kama Mshana. Hiyo pesa ya mtu wa chakavu nitaituma mimi, kiasi hicho hicho, kesho. Chumba kijengwe. Vitu vya Babu viingie stoo kwa Baba Mdogo, ambaye ameshanikubalia, mradi viwe na mtu wa kuvitazama.

Na kabla ya Jumapili, binamu yangu uliye hapo Kifula, nifanyie kazi hii. Usiguse uso wa reli kwa tupa wala kwa mashine, hata kama unaona una mabonde. Chukua brashi ya waya, sugua ubavuni, pale kwenye shingo nyembamba kati ya kichwa na kitako. Viwanda vya reli vilikuwa na desturi ya kutia herufi zilizoinuka mahali hapo, jina la kiwanda na mwaka, zikijirudia kila baada ya umbali fulani. Kama kipande cha Babu kilikatwa penye herufi, tutajua kilifuliwa wapi na lini. Ikishasafishwa ipake mafuta, hata ya alizeti yatafaa kwa sasa, na uifunike. Piga picha jua la asubuhi likiwa pembeni, herufi hutokea vizuri.

Patasi zake ambazo vichwa vimechanua kama uyoga usizipige tena. Vipande huruka, na jicho halina la akiba. Na mkimaliza kubomoa, mabati ya zamani msiyatupe kwenye moto kujaribu kuyeyusha kitu. Moshi wa zinki huleta homa na baridi kali usiku, mtadhani ni malaria na mtameza dawa bure. Ukijikata, nenda ukachomwe sindano ya pepopunda. Kutu yenyewe haileti pepopunda jamani, ni wadudu wa kwenye udongo na samadi, lakini banda lile mbuzi wamelala miaka ishirini, kwa hiyo nenda tu.

Lile jiwe jeusi nalo liingie stoo. Mtu wa chakavu hatalitaka, halina kilo za kuuza, lakini mafundi wa ujenzi watalitia kwenye msingi msipowaambia.

Mimi nina zamu tatu za usiku mfululizo kuanzia leo. Huku ikiwa saa moja asubuhi natoka, huko itakuwa saa nane mchana, au saa tisa kama ni majira ya baridi, na nitafungua simu kwanza kabla ya kuwasha gari. Baba Mkubwa, nitakupigia Jumamosi jioni ya huko. Msalimieni Bibi, mwambieni dawa za presha amalize, asibakishe.